Akiba ya chuma ambayo mizani haionyeshi

Mtoto aliyezaliwa kabla ya muda kutimia anapoongeza uzani, mama huruhusiwa kurejea nyumbani, na wengi hudhani hatari imepita. Hali ya damu yake ni suala jingine.

Sehemu kubwa ya madini ya chuma humfikia mtoto katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Aliyetimiza muda huzaliwa na akiba ya kumtosha miezi minne hadi sita hivi. Aliyezaliwa wiki ya 30 huja na akiba haba, na kwa vile hukua upesi, huisha mapema. Maziwa ya mama, kwa ubora wake wote, yana chuma kidogo. Na upungufu huo huathiri ubongo unaokua. Ndiposa mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza watoto hao wanaonyonya waongezewe chuma.

Kuchelewa kubana kitovu kwa dakika moja pia humwongezea mtoto damu, bila gharama. Matone ya chuma yana gharama. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka wa 2013, jukumu la kuzipa hospitali nyingi dawa ni la kaunti. Dawa zikikosekana, mama hukabidhiwa karatasi aende dukani, na mizani ya kliniki haitaonyesha iwapo alinunua.