Daftari la Kijumbe

Mwezi uliopita nilikuwa Mafia, na kabla hujaniuliza habari za papa potwe wa Kilindoni, ngoja nikwambie ukweli: sikuona hata mmoja! Nilipanda boti moja kwa moja hadi Kisiwa cha Bwejuu kwa mama yangu mdogo, nikiwa na zawadi ambayo mwenyewe niliona haina mfano.

Mama mdogo ni kijumbe wa upatu. Wanacheza wanawake 12, wote waanika dagaa. Kila mmoja anatoa shilingi 10,000, na mwenye zamu anaondoka na 120,000. Hesabu zote ziko kwenye daftari moja kuukuu. Mimi msomi wa mawasiliano nikaona, hapana, huyu mama anahitaji programu!

Usicheke. Siku hizi si lazima uwe umesomea kompyuta. Februari 2025, Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, aliupa jina mtindo huu wa kuieleza mashine unachotaka kwa maneno ya kawaida, kisha unaiachia iandike programu yenyewe. Basi nami nikaiambia akili mnemba kwa Kiswahili changu hiki hiki: nataka ukurasa mmoja wa simu, majina 12, nani kalipa, nani zamu yake, na ufunguke hata mtandao ukikata. Jioni moja tu, kazi imekwisha. Nikajiona mhandisi!

Kufika Bwejuu, kosa la kwanza. Nilikuwa nimepanga zamu kila tarehe 1.

"Mwanangu," mama mdogo akacheka, "tarehe moja inaniletea dagaa?"

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, pesa hakuna. Kwa hiyo zamu zao zinafuata mwezi wa angani, wa siku 29 na nusu hivi. Miezi 12 ya aina hiyo ni siku 354, yaani programu yangu ingepishana nao siku 11 kwa mwaka. Nikaieleza mashine, ikarekebisha. Hilo lilikuwa jepesi.

Zito lilikuja nilipoingiza hesabu za daftari. Jina moja likawaka jekundu: hajalipa mara tatu. Lakini mbona wote waliopokea walipata 120,000 kamili? Hizo 30,000 zilitoka wapi?

Mama mdogo akatazama mlangoni kwanza. "Mumewe kamwacha na kitoto kichanga. Nimemjazia mimi, na sijamdai. Sasa wewe unataka simu imseme?"

Jamani, nilinyamaza. Nilishapanga kuwatumia wote 12 ukurasa ule, kila mtu aone kila kitu. Uwazi, siyo? Ila hakuna aliyeibiwa hata senti. Kilichokuwa kinafichwa pale ni heshima ya mtu. Kwenye daftari, mama mdogo alikuwa ameweka kinukta cha penseli tu, anachokijua yeye.

Tukaufuta ule wekundu. Sasa programu inauliza kitu kimoja: upatu umetimia, au bado? Yaliyobaki yanakaa kwenye daftari. (Nakusimulia kwa ruhusa. Mhusika keshawaeleza wenzake mwenyewe, kwa wakati wake.)

Kwa hiyo shosti, ukitaka kujitengenezea programu yako, jitengenezee. Ijaribu kwa hesabu ambazo jibu lake unalijua, na namba za siri usiiingizie kamwe. Ila kabla ya yote, kaa na mwenye daftari. Mashine itahesabu chochote utakachoiambia. Kipi kisihesabiwe, hilo haliwezi kulijua lenyewe.

Nami nilirudi Dar na aibu yangu. Nyumbani nilishatengeneza programu nyingine: nani kanunua umeme, nani gesi, na aliye nyuma anawaka jekundu. Mume wangu aliwahi kuniambia, "Siku hizi nikinunua mkate naomba risiti." Nilidhani ni utani.

Nimeifuta safu ile. Hajasema kitu. Ila Jumamosi alirudi na samaki mkubwa, na bei hakunitajia.

Tukutane mwezi ujao!