Kabla ya Kumkabidhi Mpangaji Ufunguo



Hivi karibuni alifika ofisini kwetu mama mjane, aliyetoka visiwani kuja Mwanza ili mtoto wake mgonjwa awe karibu na Hospitali ya Bugando. Alikuwa na kodi ya miezi mitatu mkononi. Kwa siku tano alizunguka Mabatini, Igogo na Nyamanoro akitafuta chumba. Mlango wa kwanza aliulizwa kabila lake. Wa pili aliulizwa mume wake yuko wapi. Wa tatu alitakiwa kutoa kodi ya mwaka mzima. Katika mlango wa nne, mwenye nyumba alipomwona mtoto alivyodhoofu, alisema chumba kimekwisha kuchukuliwa. Kesho yake dalali yule yule alikuwa akikinadi kwa mtu mwingine. Mwenye nyumba huyo wa nne ni mwamini mwenzetu, tena kiongozi wa Jumuiya. Ndiyo maana tunaandika.

Hatuandiki ili kuwahukumu wenye nyumba. Wengi wao si matajiri. Nyumba nyingi za kupanga katika vilima vyetu vya mawe zimejengwa na watu wa kawaida: mwalimu mstaafu aliyemaliza mafao yake kwa saruji na mabati, mama aliyeuza dagaa miaka mingi, mjane ambaye kodi ya vyumba viwili ndiyo chakula chake. Mpangaji anayekaa miezi minne bila kulipa, kisha akahama usiku na kuacha deni la maji, anamwumiza maskini mwenzake. Wapo pia wanaogeuza chumba kuwa ghala la mali ya wizi, na majirani ndio wanaoteseka. Basi mwenye nyumba anayo haki ya kumfahamu anayeingia; na kwa ajili ya wapangaji wengine, huo ni wajibu wake. Tunalojiuliza ni aulize nini, na kwa nia gani.

Yapo maswali ya haki. Jina lako kamili ni nani, na una kitambulisho gani? Unafanya kazi gani, au unajipatiaje riziki? Mtakuwa watu wangapi chumbani? Ulikuwa unaishi wapi, na nani anaweza kukushuhudia? Ukipatwa na jambo, tumwite nani? Maswali haya humlinda mwenye nyumba, na humlinda mpangaji vile vile. Wakazi wa Mwanza hatuwezi kusahau tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na mji wetu na mamia ya watu wakapoteza maisha. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Jamaa walitafuta ndugu zao bila hata karatasi ya kuwathibitishia kwamba walisafiri. Kumwandika mtu jina ni kukiri kwamba asipoonekana, atatafutwa. Daftari la mwenye nyumba likiandikwa kwa moyo huo, nalo ni tendo la upendo.

Lakini yapo maswali yasiyo ya haki. Kabila, dini, ujane, ugonjwa na ulemavu havimwonyeshi mtu kama ni mwaminifu au la. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza sheria na mamlaka za nchi kumbagua mtu kwa sababu ya kabila, mahali alikotoka, dini au hali yake ya maisha. Na ibara ya 17 inampa kila raia uhuru wa kuishi mahali popote nchini. Jambo ambalo dola imekatazwa kulitenda, mwamini atajiruhusuje kulitenda mlangoni pake? Tena Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kuwanyanyapaa na kuwabagua wanaoishi na virusi. Nasi wa Kanda ya Ziwa tunayo aibu yetu ya pekee: vikongwe wameshukiwa uchawi kwa sababu ya macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni, na watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa ajili ya ushirikina. Anayewafungia mlango kwa hofu hiyo anaungana, hata kama hajui, na waliowawinda.

Kuhusu kodi ya mwaka mzima, tuseme wazi kwamba ni chujio bovu. Inapima fedha alizo nazo mtu siku moja, haipimi uaminifu wake. Mwizi anaweza kulipa mwaka mzima asubuhi moja. Mama mwuza samaki wa Kirumba, anayepata riziki yake siku kwa siku, hawezi, ingawa hajawahi kudaiwa na mtu. Zamani tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi hutegemea zaidi mapatano ya pande mbili. Pale sheria inapotuachia uhuru mkubwa zaidi, dhamiri ndiyo inayopaswa kufanya kazi kubwa zaidi.

Nao wapangaji wasijidanganye. Anayetaja jina la uongo, anayesema wako wawili wakaingia saba, anayelewa mshahara wa mwezi kisha akamlilia mwenye nyumba, huyo anamfungia mlango maskini atakayekuja baada yake.

Kanisa limekwisha kusema juu ya jambo hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliitaja nyumba miongoni mwa mahitaji ambayo kila binadamu anastahili kuyapata, na mwaka 1987 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka mzima juu ya wasio na makao. Yatupasa sasa kuyatenda hayo mitaani kwetu. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mkataba uandikwe nakala mbili, na kila malipo yatolewe stakabadhi. Pili, asiyeweza kulipa miezi mingi aruhusiwe kuanza na mwezi mmoja au miwili, akishuhudiwa na majirani wa alikotoka, awe Mkatoliki au la. Tatu, parokia zenye vyumba vya kupangisha zianze zenyewe: maswali ya haki yabandikwe mlangoni, ili kila mtu aone kwamba hakuna mengine yanayoulizwa kwa siri.

Yule mama alipata chumba hatimaye, Mkuyuni, kwa mzee wa Kiislamu. Mzee alimwuliza jina lake, kazi yake, na mtu wa kuitwa iwapo mtoto angezidiwa usiku. Akayaandika yote katika daftari, akampa ufunguo. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mlango ule wa nne ulikuwa wa mmoja wetu. Safari ijayo atakapobisha mwingine, na usiwe mlango wa kufungwa.