Kiti cha mtoto garini: Usikimbilie kukigeuza

Siku za Jumapili ni kawaida kumwona mama ameketi kiti cha mbele, kampakata mtoto. Huamini mikono yake inatosha. Lakini gari likigonga, hata kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hakuna mzazi awezaye kumzuia mwanawe.

Kwa mzazi anayetaka kununua mara moja, kiti kinachogeuzwa hufaa. Mtoto mchanga hutazama nyuma. Akikua, kiti hugeuzwa atazame mbele. Usiwe na haraka. Kichwa cha mtoto ni kizito na shingo bado changa. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti ndio unaopokea kishindo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa, R129 ya mwaka 2013, inataka atazame nyuma hadi apite miezi 15. Akikaa hivyo zaidi ni bora, mradi hajapita uzani na urefu ulioandikwa kwenye kiti.

Kabla ya kulipa, kijaribu ndani ya gari lako. Kikishafungwa, kisicheze zaidi ya sentimita 2.5 pale mshipi unapopita. Kamwe usikiweke kikitazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Na kiti cha mtumba usichojua kilikotoka, kiache. Huenda kilipata ajali, na ufa wa ndani hauonekani.

Nawe baba, usiseme mnafika sokoni tu. Ajali haiulizi mwendako.