NANI ATASIMAMA MAKAMBAKO?



Twaomba masikio yenu kwa jambo moja ambalo, likiachwa mpaka 2030, litakuwa limekwisha kuharibika kabla ya kampeni kufunguliwa. Jambo lenyewe ni hili: ikiwa mgombea wetu wa Urais wa Jamhuri ya Muungano ataondolewa tena, nani atashika nafasi yake? Na huyo atakayeishika, je, ataweza kusimama Makambako mbele ya watu ambao si wetu, wala si wa CCM kwa moyo wote, wakamsikiliza hata wakamwamini?

Yaliyotokea yanajulikana, lakini yafaa yapangwe kwa tarehe zake, kwani hasira bila ya tarehe haifundishi kitu. Tarehe 6 Agosti 2025 Mkutano Mkuu wa chama chetu ulimteua Ndugu Luhaga Mpina, aliyekuwa Mbunge wa Kisesa kwa tiketi ya CCM, na ambaye alikuwa ndio kwanza amejiunga nasi. Tarehe 26 Agosti Msajili wa Vyama akaubatilisha uteuzi ule, kwa hoja kwamba haukufuata kanuni za chama chenyewe. Kesho yake, tarehe 27, ndiyo iliyokuwa siku ya uteuzi, na Tume ikakataa kuzipokea fomu zake. Tarehe 11 Septemba Mahakama Kuu ikampa haki, tarehe 13 fomu zikapokewa, na tarehe 15, kwa pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali, jina lake likaondolewa tena. Hata ilipofika tarehe 29 Oktoba, mwanachama wetu wa Wete au wa Mkoani aliikuta karatasi ya Rais wa Zanzibar ina jina la Ndugu Othman Masoud Othman, na karatasi ya Rais wa Muungano haina jina la mtu wetu kabisa.

Sisi hatusemi kwamba waliofanya hivyo walifanya haki. Twasema kwamba adui hahitaji kuvunja mlango ambao umeachwa wazi. Kati ya tarehe 6 na tarehe 27 Agosti zilikuwamo siku 21, na katika siku zote hizo chama hakikuwa na mtu wa pili aliyekwisha kukubaliwa, ambaye fomu zake zingeweza kutiwa mkononi mwa Tume asubuhi ile ile. Pigo lilikuja siku moja kabla ya uteuzi, kwa sababu aliyepiga alijua kuwa siku moja haitoshi kumtafuta mbadala.

Waliosoma chuoni wanaijua hukumu ya imamu anayetangukwa na udhu katikati ya sala. Sala haivunjwi, wala watu hawatawanyiki. Imamu humshika mtu wa safu ya kwanza akamsogeza mbele, na sala ikaendelea. Kwa sababu hiyo walimu wetu walituhimiza kwamba nyuma ya imamu wasimame wenye kujua, wala si yeyote aliyewahi kufika. Na walitutahadharisha pia na kumtanguliza masbuki, yule aliyeingia sala imekwisha kuanza. Kwani yeye hajui vyema rakaa ngapi zimepita, na maamuma huchanganyikiwa wasimame wapi na wakae wapi.

Ndugu zetu, tazameni miaka kumi iliyopita, mwone ni mara ngapi upinzani wa nchi hii umemtanguliza masbuki. Mwaka 2015 Dk. Willibrod Slaa aliwekwa kando, na Ndugu Edward Lowassa, aliyejiunga na Chadema tarehe 28 Julai, akapewa bendera ya vyama vinne. Mzee wetu Juma Duni Haji alilazimika kuhama CUF kwenda Chadema ili awe mgombea mwenza. Mwaka 2020 ikawa zamu ya Ndugu Bernard Membe, aliyefukuzwa CCM mwezi wa Februari, akaingia kwetu Julai, na kabla ya siku ya kura viongozi wetu wakawaambia watu wampe kura Ndugu Tundu Lissu, naye akishikilia kuwa bado ni mgombea. Kura alizotangaziwa ni 81,129. Mwaka 2025 tukayaona hayo tuliyoyaeleza. Mara tatu mfululizo mbadala ametafutwa katika nyumba ya mpinzani, na mara zote tatu ametafutwa jua limekwisha kuchwa.

Watatujibu wako: "Lakini Lowassa alileta kura!" Naam, alizileta, na mwenye insafu hakatai. Mwaka 2010 kura za Slaa na za Profesa Lipumba zikijumlishwa hazikufika milioni tatu. Mwaka 2015 Lowassa peke yake alitangaziwa kura 6,072,848, sawa na asilimia 39.97. Hiyo ni dalili kwamba kura za watu walio kati zipo na zinaweza kuhama. Lakini dalili hiyo ina upande wa pili, na upande huo ndio unaotupeleka Makambako.

Mwenye kusafiri kwa barabara kuu kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia hupita Iringa, kisha Makambako, kisha Mbeya, mpaka Tunduma. Mwaka 2015 Iringa Mjini ilichagua mbunge wa upinzani, Mbeya Mjini ikachagua wa upinzani, na Tunduma vile vile. Makambako, iliyo katikati ya barabara hiyo hiyo, ikabaki CCM, na Njombe Mjini, kiasi cha kilomita 60 kusini yake, nayo ikabaki. Je, watu wa Makambako hawana shida za watu wa Iringa? Makambako ni njia panda: hapo barabara ya Songea inaachana na ile ya Mbeya, hapo reli ya TAZARA inapita, hapo malori hulala na habari za nchi nzima hupita. Mji kama huo haukosi maneno ya upinzani. Kilichokosekana ni mtu wa kuyasema maneno hayo kwa namna ambayo mkulima wa Ubena na mfanyabiashara wa Kikinga wangeyaona ni yao. Jina kubwa lililotoka Monduli liliwafikia, likapigiwa makofi, na likapita na msafara wake.

Sisi wenye maduka twaijua siri hii kwa sababu ndiyo inayotulisha. Mteja wa daftari atakuja tu. Ukimkasirisha leo, kesho atarudi, kwa kuwa jina lake limo. Lakini duka halineemeki kwa daftari. Duka huneemeka kwa mpita njia, ambaye hakudai wala humdai, na ambaye akiona mizani yako haimridhishi huvuka barabara bila ya kukuaga. Chama chetu kina daftari nene katika Pemba na Unguja. Mpita njia wetu yuko Makambako.

Na hesabu ndiyo mwamuzi. Daftari la wapiga kura la 2025 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 37, na katika hao wa Zanzibar walikuwa kiasi cha milioni moja tu. Hata tukipata kila kura ya visiwa hivi, hata wagonjwa wakabebwa vitandani, hatumpati Rais wa Muungano kwa kura hizo. Na kwa mujibu wa Katiba ya Muungano, mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye Rais, wala mahakama hairuhusiwi kuuchunguza uchaguzi wake baada ya Tume kumtangaza. Mlango huo ukifungwa umefungwa. Yatupasa tushinde kabla haujafungwa.

Wako katika matawi yetu wanaouliza: "Njombe inatuhusu nini sisi? Tushughulike na Zanzibar yetu." Twawajibu kwa upole, kwa kuwa ni ndugu zetu, lakini twawajibu. Mamlaka kamili ya Zanzibar mnayoyadai kila Ijumaa yamezuiliwa wapi? Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, iliyotaka serikali tatu, ilivunjiwa Dodoma mwaka 2014, katika Bunge la Katiba ambalo wengi wa wajumbe wake walikuwa wa Bara. Ndugu Othman Masoud, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alipiga kura ya kukataa baadhi ya ibara, na cheo chake kikaondoka. Basi asiyejali nani anakaa Dodoma hajui ufunguo wa nyumba yake uko mfukoni mwa nani.

Tena visiwa hivi ndivyo vilivyopaswa kuifundisha Bara yote thamani ya watu walio kati. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Mwaka 1995 Urais wa Zanzibar ulitangazwa kwa tofauti ya kura 1,565 baina ya Dk. Salmin Amour na Maalim Seif. Na Maalim alipofariki tarehe 17 Februari 2021, chama hakikumtafuta mwenye sauti kali kuliko wote. Kilimpendekeza Ndugu Othman, mtu wa sheria, ambaye hata asiye wetu hakuweza kumwita mchochezi. Akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais tarehe 2 Machi, na nyumba haikutikisika. Hikima tuliyoitumia kwa Zanzibar, kwa nini tuinyime Jamhuri?

Wako na wengine wasemao: "Kura hazihesabiwi, basi mgombea ni yeyote." Hao tunaijua huzuni yao. Oktoba 2025 Tume ilitangaza asilimia 97.66 kwa mgombea mmoja, Chadema ikiwa nje ya uchaguzi na mwenyekiti wake gerezani, na damu ilimwagika mitaani. Lakini fikirini: asiyekuwa na mgombea hana wakala kituoni, na asiyekuwa na wakala hana fomu ya matokeo ya kuonyesha hata kwa mwanawe. Kuwa bila ya jina ni kumrahisishia kazi yule mnayemlalamikia. Mwizi hufurahi akiikuta ghala ambayo mwenyewe hajui aliweka magunia mangapi.

Tena mfano mwema uko Afrika hii hii. Katika Senegal, kiongozi wa upinzani Ousmane Sonko alizuiwa kugombea uchaguzi wa 2024, na chama chake kilikuwa kimevunjwa na serikali tangu Julai 2023. Lakini Bassirou Diomaye Faye, katibu mkuu wa chama hicho, alikwisha kuingizwa katika orodha ya wagombea, naye mwenyewe yumo gerezani. Wakatoka wote wawili tarehe 14 Machi, na tarehe 24 Machi Faye akashinda duru ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 54. Hakuwa masbuki. Alikuwa safu ya kwanza, nyuma ya imamu.

Basi twapendekeza nini? Kwanza, wagombea wawili wa Urais wa Muungano, wa asili na wa akiba, wapatikane mapema, miaka miwili kabla ya uchaguzi si siku ishirini, na wote wawili wawe wametimiza kila sharti la kanuni zetu, pasibaki hata nukta ya kushikiwa.

Pili, wapimwe kwa Makambako, si kwa shangwe za Kibandamaiti. Mtu huyo apelekwe Njombe, alale huko katika baridi, akae na wakulima wa viazi. Sisi twaviita mbatata, wao huviita viazi mviringo, lakini dhuluma yake ni moja: lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu ya kilemba na kulipwa kwa bei ya gunia moja. Aulizwe habari za mbolea, za mbao, za parachichi, za chai. Akijibu kwa matusi juu ya CCM tu, arudishwe. Kwani yule bibi anayemsikiliza ana kadi ya CCM ya marehemu mumewe sandukuni, na ukiitukana kadi umemtukana maiti.

Tatu, awe mtu ambaye Mlutheri na Mkatoliki wa Njombe hatamwogopa. Msisahau jinsi CUF ilivyobandikwa tuhuma ya udini na ya Upemba miaka mingi, na jinsi tuhuma ile ilivyofunga milango ya nyanda za juu kabla hatujabisha hodi.

Nne, ahadi yake kwa Zanzibar iandikwe na kutiwa saini kabla ya uteuzi. Katiba inataka mgombea mwenza atoke upande wa pili wa Muungano, kwa hiyo Mzanzibari atakuwapo; lakini kiti bila ya mkataba ni kiti tu. Na mkataba huo usifichwe. Mkulima wa Makambako akielezwa kwamba kila upande uushike mfuko wake na kuujibia, ataelewa upesi kuliko wajumbe wengi wa Dodoma.

Watakaokasirika na maneno haya ni wale wanaongoja Julai ya 2030 waone nani amekatwa jina huko CCM, wakamvalishe kilemba. Wao husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi twasema mgeni na aje, apewe mkeka, anywe kahawa, ajifunze safu. Lakini asipewe mimbari siku ya kuingia.

Matawi yote ya Unguja na Pemba yalijadili jambo hili katika vikao vyao vijavyo, na yaandike maazimio kwa Halmashauri Kuu. Kila tawi liulizwe swali moja nalo lijibu kwa jina: huyo mnayemtaka, akishuka garini Makambako bila ya ngoma na bila ya msafara, nani atasimama kumsikiliza?