Mibofyo Kibao, Mauzo Sufuri: Nani Alikudanganya na CTR?

Kuna kipindi nilikuwa nasimamia matangazo ya duka moja la simu hapa Nairobi. Usidhani ni duka kubwa. Ni kile kibanda cha kioo, orofa ya pili, kimebanwa katikati ya vibanda vingine vinavyouza vitu vilevile kwa bei ileile. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza tangazo, kulilipia Facebook na Instagram, kisha jioni namtumia bosi picha ya skrini yenye matokeo.

Bosi alikuwa anaangalia nambari moja tu: CTR. Kama hujui, hiyo ni asilimia ya mibofyo. Tangazo likionekana mara mia, limebofywa mara ngapi? Likibofywa mara moja, hiyo ni asilimia 1. Mahali fulani mtandaoni alikuwa amesoma kwamba wastani wa biashara za teknolojia ni asilimia 1.04. Hiyo ikawa sheria ya duka. Tukiwa chini ya hapo napigiwa simu usiku. Tukiwa juu, "kijana, leo umeweza."

Basi nikafanya kile ambacho msee yeyote anayetaka kulinda kazi yake angefanya. Nikaweka bango la "jishindie simu". CTR ikapita 3. Bosi akaninunulia chapati na madondo. Mwisho wa mwezi tukahesabu mauzo: simu mbili. Nilifutwa kazi nikiwa na CTR ya kutamaniwa.

Nimekaa na hiyo hasira muda wa kutosha, na leo nataka tuiongee vizuri. Sababu ni kwamba vijana wengi mtaani sasa wanakula kupitia kazi hii. Wengine, kama mimi, karo iliwashinda wakatoka chuo, wakajifunza matangazo kwa simu na YouTube. Na bado tunapimwa kwa nambari ambayo hata anayetupima hajui ilitoka wapi.

Hiyo 1.04 ilitoka wapi?

Nilikuja kuitafuta. Inatoka kwa WordStream, kampuni ya Marekani ya mambo ya matangazo ya mtandaoni. Mwaka 2017 walichapisha wastani wa matangazo ya Facebook kwa kila sekta. Walitumia akaunti 256 za wateja wao, zote za Marekani, na data ya kuanzia Novemba 2016 hadi Januari 2017.

Soma hapo tena polepole. Akaunti za Marekani. Miezi mitatu, tena ile ya Krismasi, wakati Wamarekani wananunua kila kitu. Wakati huo TikTok haikuwa imefika kwetu. Ndiyo nambari ambayo duka la simu Nairobi linatumia kumfuta mtu kazi miaka mingi baadaye.

Lakini hiyo ripoti si takataka. Shida ni kwamba watu walichukua mstari mmoja wakaacha ule wa maana. Ukiisoma yote, wastani wa CTR wa sekta zote ulikuwa asilimia 0.90. Teknolojia ikawa 1.04, yaani juu ya wastani. Safi. Sasa angalia waliobofya kisha wakafanya kile mwenye tangazo alitaka, kama kununua au kujisajili. Wastani wa sekta zote ulikuwa asilimia 9.21. Teknolojia? Asilimia 2.31.

Umeiona hiyo? Watu wanabofya mambo ya teknolojia kuliko vitu vingi, halafu wanaishia hapo. Matokeo yake ni kwamba kumpata mteja mmoja wa teknolojia kuligharimu dola 55.21, ilhali wastani wa sekta zote ulikuwa dola 18.68. Watu wa elimu walikuwa na CTR ya 0.73, chini kabisa ya yetu, lakini mteja mmoja aliwagharimu dola 7.85 tu.

Ile ripoti ambayo bosi aliitumia kunisifu ndiyo ilikuwa inamwonya.

Kwa nini tunabofya na hatununui

Hili halihitaji profesa. Pita Luthuli Avenue siku yoyote. Watu wanasimama kwenye vioo, wanauliza bei, wanashika simu, wanaigeuza, wanaangalia kamera, wanasema "sawa, narudi". Simu ni kitu cha kutamani. Hata asiye na shilingi ya kununua anataka kujua mpya ina nini. Mtandaoni ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba kila anayepita kuchungulia, wewe umemlipia.

Halafu simu si soda. Mtu anabofya leo, anauliza "bei?" kwenye WhatsApp, anauliza kama kuna kulipa polepole na deposti ni ngapi, anaenda kulinganisha na maduka mengine matano, anangoja mshahara. Akija kununua wiki mbili baadaye, anakuja kwa miguu na kulipa kwa M-Pesa kaunta. Facebook haimwoni. Kwa ripoti, huyo mtu ni mbofyo tu, ilhali kwa droo ya pesa ndiye mteja.

Na kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Kwenye ripoti za Meta kuna CTR mbili. Moja inahesabu kila mguso: aliyependa, aliyefungua maelezo yasomeke yote, aliyegusa jina la ukurasa wako, hata aliyekuja kutoa maoni kwamba bei zako ni za wizi. Nyingine inahesabu waliobofya kiungo pekee. Ya kwanza mara nyingi ni kubwa zaidi. Kuna wasee wanaotuma hiyo kubwa kwa wateja kila wiki, wanalipwa, na maisha yanaendelea. Ukimwajiri mtu, muulize hiyo ni CTR gani. Akigugumia, ujue.

Jambo lingine ni lengo unalochagua unapoanza tangazo. Ukiiambia Meta unataka mibofyo, itakutafutia watu wanaopenda kubofya. Kuna watu hivyo, hubofya kila kitu. Ukiiambia unataka mauzo au ujumbe, itatafuta watu tofauti, CTR itashuka, na bosi ataanza kupiga simu usiku. Mimi nilitaka amani usiku, nikachagua mibofyo. Hapo nakubali makosa yangu.

Tupige hesabu ya duka

Chukulia una shilingi 5,000. Unatengeneza matangazo mawili tofauti na kila moja unalipa hizo 5,000. Kila moja linaonekana mara 25,000.

La kwanza ni la zawadi. CTR ni asilimia 3, mibofyo 750, kila mbofyo karibu shilingi 7. Wanaonunua ni wawili. Kila mnunuzi amekugharimu 2,500.

La pili halina mbwembwe. Linasema simu ni gani, bei ni ngapi, duka liko jengo gani, warranti ni ya muda gani. CTR ni asilimia 0.8, mibofyo 200, kila mbofyo shilingi 25. Wanaonunua ni wanane. Kila mnunuzi amekugharimu 625.

Ikiwa faida yako kwa simu moja ni 1,500, tangazo la kwanza limekuletea 3,000 ukiwa umetumia 5,000. Umeingia hasara ukishangiliwa. La pili limekuletea 12,000. Na bado sijaongeza VAT. Kwa biashara ndogo ambayo haijasajiliwa kwa VAT, asilimia 16 inaongezwa juu, kwa hivyo 5,000 yako inakuwa 5,800.

Angalia vile bei inavyofanya kazi ndani ya tangazo. Mtu ambaye hana hizo pesa akiiona, anapita bila kubofya. CTR inashuka. Lakini amekusaidia, kwa sababu hajakula pesa yako. Mbofyo ambao haukutokea unaweza kuwa ndio umekuokoa.

Sisemi CTR ni ya kutupwa. Kwa kawaida Meta inakutoza kwa mara tangazo linapoonekana, kwa hivyo tangazo ambalo watu wanalipenda linakupa mbofyo wa bei nafuu. CTR ikianguka ghafla, pengine watu wamechoka na picha yako, badilisha. Ukilinganisha matangazo yako mwenyewe, duka lile lile, wiki kwa wiki, inakuambia kitu. Tena yaonekane mara nyingi kwanza. Tangazo likionekana mara 1,000, asilimia 1 ni watu kumi. Binamu zako watano wakibofya kukusapoti, tayari uko 1.5 na unajiita mtaalamu.

Matumizi mabovu ni kulinganisha kibanda chako na kampuni za Marekani, halafu kugeuza hiyo kuwa mshahara wa mtu.

Mpiga debe anajua kuliko sisi

Mnamo Oktoba 1994, tovuti ya HotWired huko Marekani iliweka bango la kampuni ya simu ya AT&T, mojawapo ya matangazo ya kwanza ya aina hiyo. Inasemekana asilimia 44 ya walioliona walilibofya. Leo tunapigania asilimia 1. Matangazo yamejaa kila mahali na watu wamezoea kuyapita. Mibofyo imeadimika, na kitu kikiadimika tunaanza kukiabudu.

Enda stendi yoyote ya matatu uangalie mpiga debe. Anapiga kelele, anaimba, anavuta watu mkono. Lakini jioni hakuna anayemuuliza ni wangapi waligeuza shingo. Analipwa gari likijaa. Ndiyo maana hapotezi muda na mtu anayeenda Rongai akiwa anajaza gari la Kayole.

Na sasa hili si suala la bosi wangu tu. Mwaka 2025, gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba Meta inataka kufikia mwisho wa 2026 mwenye biashara aweze kutengeneza tangazo lote kwa akili unde: picha, maneno, na watu wa kuonyeshwa. Kampuni hiyo ilipata zaidi ya dola bilioni 160 kutokana na matangazo mwaka 2024, kwa hivyo usidhani wanacheza. Kama kazi yako ni kupandisha mibofyo, mashine itapandisha mibofyo, tena haitaomba lunch.

Lakini mashine haijui kwamba wateja wa lile jengo wanaogopa kuuziwa simu feki, kwa hivyo neno "warranti" linauza kuliko "ofa". Haijui kwamba tarehe 3 pesa iko na tarehe 20 haiko. Wewe unajua, kwa sababu unaishi hapa. Hapo ndipo kuna kazi.

Siku hizi nikipata mteja tunakubaliana kabla sijagusa simu. Kila anayeingia dukani au kuandika WhatsApp anaulizwa ametuona wapi, na jibu linaandikwa kwa daftari. Daftari ya kawaida, ya shilingi hamsini. Mwisho wa mwezi tunagawa pesa ya matangazo kwa idadi ya walionunua, na hiyo ndiyo nambari tunayojadili. Akikataa, akiniambia anataka CTR ya 1.04, namwachia kazi.

Ninajua kodi ya nyumba haingoji na si kila mtu anaweza kukataa kazi. Mimi pia zamani singeweza. Basi angalau mtumie bosi nambari zote mbili kila jioni, mibofyo na mauzo, upande kwa upande. Siku mambo yakiharibika, asije akasema hukumwambia.