Simu Utanunua Nyingine, Laini Je?

Kila mwaka vyuo vikifunguliwa, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupita madukani kununua vitu vilevile: ndoo, godoro, kamba ya nguo, ekstensheni ya stima, na kwa upande wa simu, kava na protekta ya kioo. Protekta haikosi. Tumemwona kijana mmoja akilipa Sh500 kwa protekta ya simu ya Sh12,000, akaisimamia ikibandikwa kama mtu anayesimamia fundi wa paa. Alipomaliza alitoa kitambulisho chake kipya cha taifa, akakisukuma nyuma ya simu, ndani ya kava, "ndio kisipotee."

Hapo ndipo sisi huanza kukosa usingizi.

Maoni yetu ni haya, na si wote ofisini kwetu wanaokubaliana nayo: kampuni za malipo ya simu, sisi tukiwemo, tumewafundisha wateja kulinda kitu kisicho cha muhimu zaidi. Tunasema usiache simu ovyo, usiitoe kwenye matatu, usimpe mtu PIN. Sawa. Lakini simu ni kifaa tu, huvunjika na hununuliwa nyingine. Kinachobeba maisha yako ni laini. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, nambari ya simu hapa Kenya imegeuka polepole kuwa benki, sanduku la posta na shahidi wako. Karo hulipwa nayo. Pesa za HELB huitaka. Ukisahau nenosiri la Gmail au la eCitizen, tarakimu za kuthibitisha huletwa kwayo. Mtu akishika laini yako hahitaji sana kushika simu yako.

Mwenzetu mmoja hapa ofisini aliibiwa simu akiwa mwaka wa pili. Ilikuwa jioni, Jogoo Road, jam imeganda, dirisha la matatu liko wazi kwa sababu ya joto. Mkono uliingia, simu ikatoka. Yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina wa safari ya darasa, na kwenye laini hiyo kulikuwa na Sh14,200 za wenzake.

Aliomba simu ya abiria wa kando akapigia huduma kwa wateja afungiwe laini. Mhudumu akamuuliza nambari ya kitambulisho. Akataja yake. Haioani. Jina kamili? Nalo halioani. Laini ilikuwa ya mamake, aliyemsajilia akiwa kidato cha tatu, kabla hajafika miaka 18. Basi akasema atampigia mamake Kitui, amtajie nambari ya kitambulisho. Hapo ndipo alipogundua kwamba hajui nambari ya mamake. Alikuwa akiipiga kila wiki, lakini ilikuwa imeandikwa "Mum" tu kwenye simu iliyokuwa tayari imefika Gikomba au kwingineko.

Aliipata saa tatu na nusu usiku, hosteli, kwenye ujumbe wa zamani kwenye simu ya mwenzake wa chumba, kwa sababu mama aliwahi kumtumia binti pesa kupitia kwake. Kufikia saa hizo pesa zilikuwa zimeshaondoka tangu saa mbili. Mwizi hakuwa mtaalamu wa kompyuta. PIN ilikuwa mwaka wa kuzaliwa, na kitambulisho chenye huo mwaka kilikuwa ndani ya kava, nyuma ya simu.

Kilichofuata kilikuwa kirefu zaidi. Mama alifunga kibanda siku nzima aende mjini Kitui kurudishiwa laini, kisha laini mpya ikatiwa kwenye bahasha na kupewa dereva wa matatu aje nayo Nairobi. Siku 8 zilipita. Kwa siku hizo 8 binti hakuweza kuingia kwenye akaunti ya chuo, maana tarakimu za kuthibitisha zilikuwa zikienda kwa nambari ambayo hakuwa nayo. Zile Sh14,200 alizilipa kidogokidogo kwa semesta mbili, akila chai na chapati mchana. Darasa lilikwenda safari. Yeye hakwenda.

Kuna watu hulisikia hili na kumlaumu mhudumu. Sisi hatumlaumu. Kama laini ingeweza kurudishwa kwa kulia tu, mwizi naye angelia. Ila tunaona kuna kitu sekta yetu haijakifanya vizuri, na tumekisema kwenye mikutano yetu ya ndani: kufunga kunafaa kuwe rahisi kuliko kufungua. Mtu akipiga akasema ameibiwa, na akaweza kutaja watu watatu aliowatumia pesa wiki hiyo, laini isimamishwe kwa muda, halafu maswali mazito ya kitambulisho yaje wakati wa kuifungua. Hasara ya kufunga kimakosa ni usumbufu wa saa chache. Hasara ya kukataa kufunga mmeiona.

Hadi siku hiyo ifike, mzigo mwingi bado uko kwenu, na tungependa muubebe mapema.

La kwanza ni jina. Uko chuoni, una kitambulisho, lakini laini bado ni ya mzazi, mjomba au kaka mkubwa. Watu wengi hawalihesabu hili kuwa tatizo kwa sababu laini inafanya kazi. Inafanya kazi hadi siku unayoihitaji zaidi. Kuhamisha umiliki hakubadilishi nambari. Kwa kawaida mwenye laini na anayehamishiwa hufika pamoja kwenye duka la mtandao wao, kila mmoja na kitambulisho chake. Ugumu wake ni huo tu, kuwa mahali pamoja. Kwa hiyo usiseme utafanya "siku moja." Fanya Desemba, mkiwa nyumbani, kabla ya pilkapilka za Krismasi. Pigia duka kwanza uulize wanataka nini, maana mamako akifunga kibanda mara moja hutaki afunge mara mbili.

Na kuna jambo ambalo watu huona haya kuliuliza. Kuna wanafunzi wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la baba au mama aliyefariki. Wanaiweka hivyo kwa mapenzi, au kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna haja ya kubadilisha. Poleni sana. Lakini kisheria pesa zilizo kwenye laini hiyo zinaweza kuhesabiwa kuwa mali ya marehemu, na siku itakapoharibika hakuna wa kwenda dukani kuapa kwamba ni yake. Anzeni kuzungumza na familia sasa, na pesa zenu za masomo zihamie kwa laini yenye jina lenu wakati hayo mengine yanashughulikiwa.

Ukishakuwa na jina lako, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona ambayo huitambui, usicheke uendelee na maisha. Iripoti. Pengine mtu alikupiga picha kitambulisho ukinunua laini barabarani chini ya mwavuli.

La pili ni kufuli ya laini yenyewe, na hapa ndipo karibu kila mtu tunayezungumza naye hutukodolea macho. Ile PIN ya kufungua skrini hulinda simu. Hailindi laini. Mwizi huchomoa laini, akaitia kwenye kabambe ya Sh1,500, na ndani ya dakika moja jumbe zako zote mpya zinaingia kwake, pamoja na tarakimu za kubadilisha nenosiri la barua pepe. Dawa yake ipo na ni ya bure: kila laini inaweza kuwekewa PIN yake, ambayo simu huuliza kila inapowashwa au laini inapohamishwa. Utaikuta kwenye mipangilio, upande wa usalama kwa simu nyingi za Android, na upande wa mtandao wa simu kwa iPhone.

Tahadhari moja tu, kwa sababu tunawajua. Kabla ya kuigusa tafuta ile kadi ya plastiki iliyokuja na laini, ambayo wengi mliitupa siku hiyohiyo. Ndiyo yenye PIN ya kuanzia na PUK. Ukikosea PIN mara 3 laini itataka PUK, na ukikosea PUK mara 10 laini hiyo imekufa, itabidi ubadilishiwe. Kama kadi haipo, uliza mtandao wako kwanza. Usianze kubahatisha kwenye foleni ya chakula.

PIN ya pesa nayo ina hesabu yake. Tarakimu 4 zinaweza kupangwa kwa njia 10,000, na hiyo ni kinga ya kutosha kwa mtu mwenye nafasi 3 za kujaribu. Lakini mwanafunzi wa chuo leo amezaliwa ndani ya miaka michache inayojulikana. Ukichagua mwaka wako umezitoa zile 10,000 ukabakisha kama 8, na kitambulisho nyuma ya kava kinamnong'onezea mwizi ipi kati ya hizo. Tutasema tena ingawa mmechoka: kitambulisho kikae pochini. Na picha yake ifute kwenye simu, hasa ile uliyomtumia mwenye ploti kwa WhatsApp mwezi wa pili.

Kuhusu PIN na marafiki, hatutajifanya hatujui hosteli ilivyo. Mwenzako wa chumba anajua PIN yako kwa sababu ulikuwa unaoga na mama mboga anangoja pesa za sukuma. Kumnyima baadaye kunaonekana kama kumshuku. Ushauri wetu hauna ukali wowote: ibadilishe tu kimyakimya kila semesta, na akikuuliza sema mfumo ulikulazimisha. Tutakubali lawama hiyo.

Na pesa za darasa, za mchango, za safari, za rambirambi, zisilale kwenye laini ya mtu mmoja. Hata awe malaika. Zikikusanywa jioni zilipwe zinakokwenda asubuhi, au ziwekwe kwenye akaunti ya kikundi ambayo haitoi kitu bila watu wawili kukubali. Tunauza huduma ya namna hiyo, ndiyo, lakini hata ukiipata kwa wapinzani wetu, ichukue.

Sasa wahadhiri, makarani, wapishi, walinzi na watu wa maktaba, msidhani haya ni ya watoto. Shida yenu kwa kawaida ni kinyume: laini ni yenu kabisa, ila ziko nyingi na baadhi zimesahaulika. Mtu alifungua akaunti ya benki mwaka wa 2010 kwa nambari fulani, akaja akahama mtandao, ile ya zamani ikalala kwenye droo na viroba vya chaki. Laini isiyotumika kwa muda mrefu huchukuliwa na mtandao na kuuzwa upya. Siku moja ujumbe wa mshahara wako unaingia kwa kijana wa Bungoma asiyekujua kabisa. Keti chini jioni moja uandike mahali pote ulipowahi kutoa nambari: benki, sacco, eCitizen, KRA, bima ya afya, barua pepe. Kisha uhakikishe kila pahali pana nambari unayoishika leo.

Halafu kompyuta ya ofisi. WhatsApp ikifunguliwa pale kwa ajili ya kuchapisha barua moja hubaki wazi hadi mtu aifunge, na tumeingia ofisi ambazo mazungumzo ya familia ya mtu yanasomeka na kila mwanafunzi anayekuja kuulizia matokeo. Kwenye simu yako kuna sehemu inayoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Angalia leo. Na tafadhali, mwalimu, usimpe mwanafunzi simu na PIN akutumie pesa kwa sababu miwani imebaki nyumbani. Unamweka pabaya yeye kuliko wewe. Pesa zikipotea wiki ijayo, jina la kwanza litakalotajwa ni lake.

Mwisho kuna kazi ya karatasi, ndiyo, karatasi ya kawaida. Bonyeza *#06# uandike zile tarakimu 15 zinazotokea, maana polisi watazitaka wakikuandikia abstrakti. Chini yake andika nambari ya mama, ya rafiki mmoja na ya huduma kwa wateja ya mtandao wako. Ukitumia Gmail, nenda kwenye usalama wa akaunti uchukue tarakimu za dharura. Google hutoa seti ya 10, na kila moja hufungua akaunti mara moja hata laini ikiwa haipo. Zichapishe saiba, usiache nakala kwenye kompyuta yao, na uweke karatasi hiyo chini ya sanduku, mbali na simu na mbali na kitambulisho.

Mwenzetu wa Jogoo Road alihamisha laini kuwa jina lake Desemba ya mwaka uleule, Kitui mjini, na mamake kando yake. Nambari haikubadilika. Hadi leo kuna watu wa darasa lake walioihifadhi kama "Hazina Safari," na wakimpigia kumsalimia, bado huanza kwa kucheka. Nambari ya mamake anaijua kwa moyo. Tulimjaribu jana tulipokuwa tukiandika haya, na aliitaja bila kuinua macho kwenye kompyuta.