Chunusi Hajazi Mtumbwi

Hapa machimboni Buhemba duara likititia, kinachoulizwa kwanza ni matimba yanayolishikilia. Nani aliyapiga, mti ulikuwa mzima au umeoza, nani aliwaruhusu watu kushuka mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Wanaotaja mizimu wapo, lakini sijaona mchimbaji aliyeshuka bila kutazama matimba.

Iweje basi watu haohao, wakiteremka Musoma kupanda mtumbwi, waanze habari za chunusi, jini wa majini? Eti ziwani kuna mahali maji huvuta, eti nasi tuna Bermuda yetu, kama ile ya baharini inayosemwa humeza meli. Imani hii inanikera kwa sababu inawafutia hatia watu wenye majina.

Hiyo Bermuda yenyewe, mkutubi mmoja wa Marekani, Larry Kusche, alifukua magazeti ya zamani na taarifa za hali ya hewa, akatoa kitabu mwaka 1975. Meli kadhaa zilizosimuliwa kuwa zilipotea bahari ikiwa shwari zilikuwa zimekutwa na dhoruba. Nyingine zilipotelea mbali kabisa na huko.

Na sisi? MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 karibu na Ukara, nchi kavu ikionekana. Kivuko cha watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Hapo jini anaingilia wapi? MV Bukoba nayo, Mei 21, 1996, ilizama ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake.

Dhoruba za usiku nazo zina chanzo. Jua likizama nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto lake. Upepo wa pande zote hukimbilia katikati, hewa hupanda, radi zinaanza. Wavuvi wa dagaa ndio hukumbana nazo, maana kazi yao ni ya usiku wa giza. Wanachohitaji ni taarifa ya hali ya hewa kabla ya kusukuma mtumbwi, na boya la kuvaa. Hirizi haielei.

Mara ya mwisho nilipofika mwaloni, mtumbwi ulikuwa umejaa magunia na watu, maji yamebakiza kiganja kimoja kufikia ukingo. Kijana alikuwa nyuma, na dumu lililokatwa, akichota maji yaliyokuwa yakiingia. Alichota tangu tunapanda, na abiria wakampisha mwingine akae. Boya sikuliona hata moja.

Nilishuka. Mtumbwi ule ukija kuzama, nitauliza kwanza habari za dumu lile.